Nunda, hirizi na mganga: kuingiza mambo mliyojitungia ndani ya Foundry

Swali: Shikamoo mwalimu. Nasimamia mchezo wa mezani wa kuigiza na kutupa dadu uitwao Dungeons & Dragons kupitia Foundry, programu ya kuchezea michezo ya mezani kwa mtandao. Niko Tanga, wachezaji wawili ni binamu zangu wanaoishi Muscat, wa tatu yuko Nairobi, na wote wamefika ngazi ya 3. Nimetunga mambo ya kwetu: nunda, yule paka mla watu wa hadithini, hirizi ya kuongeza kinga, na tawi jipya la cleric (darasa la wahusika wenye nguvu za kidini) ninaloliita Mganga wa Pwani. Nilipofungua dunia mpya kwa kampeni ya pili, sikukuta hata kimoja. Hirizi ikivaliwa haiongezi chochote. Mganga akipanda ngazi hapewi vipawa vyake mpaka nimburutie kwa mkono. Na nunda, niliyempa kinga ya 19 (namba ambayo shambulio lazima liifikie) na ng'ato la 4d12 (dadu nne za pande 12), amewamaliza wote kwenye pambano la kwanza. Nifanyeje vitu hivi vikae sawasawa? Na je, naruhusiwa kuwapa wasimamizi wengine?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Nimefurahi sana kusikia kuna meza ambayo wachezaji wake wanamkimbia nunda, na nataka wamkimbie kwa miaka mingi. Tatizo la nunda ni la hesabu, nitalifikia. Hayo mengine matatu yana mzizi mmoja: vitu vilijengwa kabla hujaamua vitakaa wapi na vitaitana kwa majina gani. Foundry haibahatishi. Inafuata anwani na jina ulilolipa, herufi kwa herufi, na isipolikuta inanyamaza bila kukwambia kitu.

Tuanze na makazi. Tangu itoke mwaka 2020, Foundry inauzwa kwa leseni ya mara moja. Wewe msimamizi unaiendesha kwenye kompyuta yako, na wachezaji wanaingia kwa kivinjari bila kununua chochote. Maana yake kila kitu kiko kwenye faili zako mwenyewe. Fungua folda ya data ya Foundry, ingia ndani ya Data, utakuta folda tatu: worlds, systems na modules. Chochote ulichokiunda kupitia paneli ya kulia wakati mchezo umefunguliwa, awe mhusika, silaha au ramani, kimehifadhiwa ndani ya dunia ile ile uliyokuwa umeifungua. Dunia mpya huanza tupu. Vitu vyako havijapotea. Vimebaki kwenye dunia ya kwanza, vinasubiri kuhamishwa.

Kuna wanaokimbilia kufungua kufuli la kompendiamu (maktaba za vitu) zinazokuja na dnd5e, mfumo wa Dungeons & Dragons ndani ya Foundry, na kupanga vitu vyao humo, kwa kuwa zinaonekana kwenye kila dunia. Nakuomba usifanye hivyo kabisa. Siku mfumo utakaposasishwa, folda yake yote hubadilishwa na mpya, na ulichoweka humo kinafutika. Ni vivyo hivyo kwa moduli, yaani kifurushi cha nyongeza, ya mtu mwingine. Mahali salama ni moja tu: moduli yako mwenyewe.

Kutengeneza moduli hakuhitaji kujua kuandika programu. Tangu toleo la 11, lililotoka mwaka 2023, kwenye ukurasa wa kuanzia wa Foundry, upande wa moduli, kuna kitufe cha "Create Module". Kitakuuliza jina la kuonyeshwa, ambalo unaweza kuliandika unavyopenda, na kitambulisho, ambacho kiwe herufi ndogo bila nafasi, kwa mfano `mambo-ya-pwani`. Kichague kwa makini, kwa sababu ndicho kitakuwa jina la folda na ndicho kitakaa ndani ya kila anwani ya kila kitu utakachoweka humo. Kukibadilisha baadaye ni kukata viungo vyote. Hapo hapo ongeza kompendiamu unazohitaji. Kwako zinatosha mbili za kuanzia: moja ya aina ya Actor kwa ajili ya viumbe, nyingine ya aina ya Item kwa ajili ya hirizi, vipawa na tawi la mganga.

Ukimaliza, fungua ile dunia ya zamani, iwashe moduli, kisha nenda kwenye orodha ya kompendiamu uondoe kufuli kwenye hizo zako. Panga vitu vyako kwenye folda moja ndani ya paneli, bofya folda hiyo kwa kitufe cha kulia cha kipanya, uchague kuipeleka kwenye kompendiamu. Vyote vitahama kwa mkupuo. Baada ya hapo kila dunia utakayofungua, ya tatu au ya kumi, unaiwashia moduli tu na nunda yumo.

Jambo moja huwatatiza wengi hapa. Ukiburuta kitu kutoka kwenye kompendiamu hadi kwenye karatasi ya mhusika, kinachoingia ni nakala. Ukirekebisha hirizi kwenye kompendiamu leo, ile iliyo shingoni mwa mchezaji wako inabaki na makosa yake ya jana. Ifute, umburutie mpya. Kwa hiyo fanya marekebisho yote kwenye kompendiamu, si kwenye nakala, la sivyo baada ya muda utakuwa na hirizi tano zinazofanana jina na kutofautiana tabia.

Picha nazo zina makazi. Ukiweka picha ya nunda kwenye folda ya dunia, moduli ikienda kwa mtu mwingine, atakuta mraba mtupu. Ziweke ndani ya folda ya moduli yenyewe, na uzibadilishe ziwe WEBP, aina ya picha yenye faili ndogo, kabla ya kuzipandisha. Kumbuka wachezaji wako wanazipakua kutoka kwenye kompyuta yako: picha ya MB 4 ikifunguliwa na watu watatu ni MB 12 zinazotoka Tanga kwa kasi yako ya kupandisha, ambayo kwa laini nyingi za nyumbani ni ndogo kuliko ile ya kupakua. Picha ya sura ya kiumbe ikizidi KB 200 au 300 huwa naipunguza.

Sasa nunda. Wahusika wa ngazi ya 3 hawana uhai mwingi. Fighter (mpiganaji) mwenye Constitution, yaani ustahimilivu, wa 14 ana uhai 28. Wizard (mchawi) mwenye Constitution hiyo hiyo ana 20. Ng'ato la 4d12 kwa wastani ni 26. Kwa hiyo ng'ato moja tu linamlaza wizard, na fighter anabaki na uhai 2. Upande wa pili, mhusika wa ngazi hiyo kwa kawaida anashambulia na nyongeza ya 5. Dhidi ya kinga ya 19 anahitaji dadu imwonyeshe 14 au zaidi, yaani anafanikiwa kwa asilimia 35. Wachezaji wako walikuwa wanakosa karibu mara mbili kati ya tatu huku kila jibu la nunda likiwa kifo. Hapo hakuna maamuzi mazuri ambayo yangewaokoa.

Mimi ningemjenga kwa kufuata hadithi yenyewe. Nunda hakuzaliwa nunda. Alikuwa paka wa sultani, akaanza na wanyama wadogo, akapanda kidogo kidogo hadi kwa watu, na kila walipomlalamikia sultani alisema paka ni wake, mpaka siku madhara yalipowafikia watoto wake mwenyewe. Huo ni mpango wa kampeni nzima. Tengeneza viumbe vitatu badala ya kimoja, na wachezaji wamwone akikua.

Wa kwanza ni paka wa kawaida aliyemo tayari kwenye SRD, ile sehemu ya kanuni iliyo huru kutumika: uhai 2, ugumu (kipimo cha hatari ya kiumbe) wa 0. Mlete kwenye kikao cha mwanzo, amelala kwenye zulia la sultani, na usiseme neno. Wa pili, nunda mchanga, mjenge juu ya saber-toothed tiger, yaani chui wa meno marefu. Kwa kanuni za 2014 ana kinga ya 12, uhai 52 na ugumu wa 2, ambao thamani yake ni alama 450 za uzoefu. Kiwango cha pambano la wastani kwa wahusika watatu wa ngazi ya 3 ni alama 150 mara 3, yaani 450 kamili. Huyo ndiye walipaswa kukutana naye.

Wa tatu, nunda mkubwa, asubiri hadi ngazi ya 5. Mwongozo wa msimamizi wa 2014 una jedwali linaloonyesha kiumbe wa ugumu wa 5 anapaswa kuwaje: kinga ya 15, uhai kati ya 131 na 145, nyongeza ya kushambulia 6, madhara kati ya 33 na 38 kwa mzunguko, na 15 kuwa namba ambayo mlengwa lazima aifikie kwa dadu ili ajinusuru. Mpe Strength 18, Constitution 18 na dadu za uhai 14d10+56, ambazo wastani wake ni 133. Mashambulizi matatu kwa zamu: ng'ato la 2d8+4, wastani 13, na makucha mawili ya 2d6+4, wastani 11 kila moja. Jumla ni 35. Nyongeza yake ya kushambulia itakuwa 7, moja juu ya jedwali, basi mshushie kinga iwe 14 ili mizani irudi. Ugumu wa 5 ni alama 1,800 za uzoefu. Kwa wahusika watatu wa ngazi ya 5, pambano la wastani ni 1,500 na gumu ni 2,250. Watatoka jasho, lakini akili zao zitakuwa na kazi ya kufanya.

Kumeza ndiyo sifa ya nunda, na huna haja ya kuitunga upya. Chura mkubwa wa SRD, giant toad, anayo. Anayebanwa na kung'atwa tena anamezwa, haoni, hawezi kujitikisa, na anapata madhara ya asidi 3d6 kila zamu ya mnyama inapoanza. Mnyama akifa, aliyemo tumboni anatoka. Buruta kipawa hicho kutoka kwa chura hadi kwa nunda, badilisha jina na namba zake, na ubakishe sharti kwamba akimeza anatumia tendo lake lote, hashambulii mara tatu juu yake. Ukiliondoa sharti hilo, madhara yanaruka nje ya jedwali na unarudi ulikotoka.

Utaona nasisitiza kunakili kilicho karibu. Tangu mfumo wa dnd5e ufike toleo la 4 mwaka 2024, kila silaha, uchawi au kipawa kinabeba ndani yake "Activities": shambulio, kujinusuru, madhara, kuponya na kadhalika, na kila moja ina kurasa zake za mipangilio. Ukianza na ukurasa mtupu ni rahisi kusahau kisanduku kimoja. Ukinakili kilichokwisha kufanya kazi unabadilisha namba na maneno tu.

Hirizi yako ni mfano mzuri. Nina hakika karibu kamili ya kilichotokea: uliweka athari inayoongeza 1 kwenye `system.attributes.ac.value`. Jina hilo linaonekana ndilo hasa, ila namba hiyo mfumo huikokotoa upya mwishoni, baada ya athari kuwekwa, kwa kujumlisha vazi, ngao na Dexterity. Nyongeza yako inafutwa kabla hujaiona. Mahali pa kuweka nyongeza ni `system.attributes.ac.bonus`, mtindo "Add", thamani 1. Njia fupi zaidi ni kunakili Cloak of Protection (vazi la kinga), ambayo tayari inaongeza 1 kwenye kinga na 1 kwenye kujinusuru, kisha ukabadilisha jina, picha na maelezo iwe hirizi.

Hata kwa anwani sahihi kuna mambo mawili ya kukagua. Athari iwe imeruhusiwa kuhama kutoka kwenye kitu kwenda kwa mwenye nacho. Na kama umeandika kwamba hirizi inahitaji mtu afungamane nayo kichawi, mfumo hautaitumia mpaka iwe imevaliwa na pia imewekewa alama ya kufungamana. Sharti hilo liache. Mhusika ana nafasi tatu tu za kufungamana, na hiyo ndiyo inayomlazimu mchezaji kuchagua kati ya hirizi ya bibi yake na upanga aliouokota. Usishawishike kuifanya nyongeza iwe 3: kila 1 kwenye dadu ya pande 20 ni asilimia 5, na katika mchezo huu asilimia 15 za kudumu ni nyingi mno kwa ngazi ya 3.

Mganga ndiye kazi kubwa, na ndipo majina yanapoleta taabu zaidi. Kabla ya lolote amueni mezani kama mnafuata kanuni za 2014 au za 2024, kwa sababu cleric wa 2014 anachagua tawi lake ngazi ya 1 na kupata vipawa ngazi za 1, 2, 6, 8 na 17, ilhali wa 2024 anachagua ngazi ya 3 na vipawa vya tawi vinakuja ngazi za 3, 6 na 17. Ukiandika mganga kwa ratiba moja na darasa mnalotumia likawa la ratiba nyingine, vipawa vitakuja pasipotarajiwa au visije kabisa.

Halafu fuata mpangilio huu bila kuuvuruga. Vipawa kwanza: viunde kimoja kimoja na uvihifadhi kwenye kompendiamu ya moduli. Tawi baadaye: liunde, lipe kitambulisho chake, `mganga-wa-pwani`, na kwenye nafasi ya kitambulisho cha darasa mama andika `cleric`, herufi ndogo, kama lilivyo kwenye darasa lenyewe. Mwisho, nenda kwenye ukurasa wa "Advancement" (mambo ya kupanda ngazi) wa tawi, ongeza hatua ya kutoa vipawa kwa kila ngazi husika, na uburute vipawa humo kutoka kwenye kompendiamu.

Hilo neno la mwisho ndilo kiini cha tatizo lako. Ukiburuta kipawa kutoka kwenye paneli ya dunia, Advancement inahifadhi anwani ya dunia hiyo, inayoanza na `Item.`. Kwenye dunia nyingine anwani hiyo haielekezi popote, na mganga anapanda ngazi mikono mitupu. Ukiburuta kutoka kwenye kompendiamu, anwani inaanza na `Compendium.mambo-ya-pwani.`, na itafanya kazi popote moduli ilipo. Kuhamisha vitu kwenda kwenye kompendiamu hakurekebishi viungo vya zamani. Fungua kila hatua, toa kiungo cha zamani, buruta upya.

Kwa kipawa kinachokua kadiri ya ngazi, usitengeneze nakala tatu. Tuseme mganga anamfunga mtu kago linalompa uhai wa muda. Kwa kanuni za 2024, ongeza kwenye Advancement ya tawi hatua ya "Scale Value", aina ya dadu, kitambulisho `kago`, na uandike d4 kuanzia ngazi ya 3, d6 ngazi ya 6, d8 ngazi ya 17. Ndani ya kipawa chenyewe weka tendo la kuponya, aina ya uhai wa muda, na fomula `@scale.mganga-wa-pwani.kago + @abilities.wis.mod`. Namba itabadilika yenyewe mganga anapopanda. Ikitoka sifuri, soma vitambulisho upya polepole. Kistari kimoja kilichokosekana kinatosha kuharibu.

Utaulizwa na wachezaji kwa nini kumezwa na nunda hakujiendeshi kwenyewe kama kago. Maoni yangu, na nayashikilia, ni kwamba tukio linalotokea mara moja kwa kikao halistahili kuandikiwa makro, yaani programu ndogo ya kulijiendesha. Mweke aliyemezwa hali mbili za kutoona na kufungwa kupitia tokeni yake (alama yake kwenye ramani), isogeze tokeni juu ya nunda, tupa 3d6 zamu ikifika. Inachukua sekunde chache, na wote wanasikia ukisimulia. Nguvu zako za kiufundi zitumie kwa yale yanayotupwa kila zamu. Makro nzito ndizo za kwanza kuvunjika Foundry inaposasishwa.

Kabla ya kusasisha chochote, nakili folda ya moduli na ya dunia mahali pengine. Fanya hivyo Foundry ikiwa imefungwa, kwa kuwa kompendiamu za sasa ni hifadhidata zinazokuwa wazi mchezo ukiendelea, na nakala iliyochukuliwa katikati inaweza isifunguke.

Kuhusu kuwapa wengine: ndiyo, kwa mipaka. SRD 5.1 iliachiliwa chini ya leseni ya Creative Commons BY 4.0 Januari 2023, na SRD 5.2 ikafuata kwa leseni hiyo hiyo mwaka 2025. Unaruhusiwa kunakili, kubadilisha, hata kuuza kilichojengwa juu yake, mradi utaje ilikotoka kwa maneno ya shukrani yaliyoandikwa mwanzoni mwa SRD yenyewe. Chui wa meno marefu, chura na vazi la kinga tuliowatumia wote wamo. Usichoruhusiwa ni kuingiza kwenye moduli unayosambaza matawi, viumbe au picha kutoka kwenye vitabu vya kununua, hata kama umevilipia. Hadithi ya nunda ni urithi wetu sote, ila mchoro wa nunda ulio kwenye kitabu cha mtu una mwenyewe. Chora wako au mwombe anayejua.

Kwa rafiki mmoja, zipu folda ya `mambo-ya-pwani` umtumie, aifungue ndani ya modules na kuwasha Foundry upya. Jina la folda lisibadilike. Kwa watu wengi, iweke GitHub, tovuti ya kuhifadhi na kugawa faili, na kwenye faili ya `module.json` jaza sehemu ya `manifest` inayoelekeza kwenye faili hiyo yenyewe na `download` inayoelekeza kwenye zipu. Atakayeitaka atabandika anwani ya manifest tu. Kila ukirekebisha, pandisha namba ya toleo, vinginevyo Foundry zao hazitajua kuna jipya. Yale maneno ya shukrani yaandike kwenye ukurasa wa jarida ndani ya moduli, yasafiri pamoja na faili popote zinapokwenda.